UZI: Walinipa kitanda chao na nauli yao, mimi nikaenda zangu. Watu kama hao mtu huwarudishiaje?

MsafiriUmoja

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Hii kitu nimekaa nayo tangu 2019 na sijawahi kuiandika popote, leo stima imepotea hapa Umoja na mvua inanyesha vile inanyesha nikasema wacha niitoe. Ni ndefu, mnivumilie.

Februari 2019 nlikuwa na likizo ya wiki tatu. Kila mwaka naenda Mombasa, nikasema mara hii wacha nipande basi niende Ethiopia kwa barabara, si Mkenya hahitaji visa huko, ni paspoti tu na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Nikapanda Eastleigh jioni. Wazee kwa basi walikuwa wanatuambia hio barabara ya Isiolo Moyale zamani ulikuwa unakaa siku kadhaa juu ya lori la mifugo na vumbi mpaka kwa meno, saa hii ni lami karibu kilomita 500, unalala Isiolo unaamka Marsabit kwa ukungu. Nikavuka Moyale, nikapita Yabelo, nikapita Konso kule watu wamejenga matuta ya mawe mlima mzima kuanzia chini mpaka juu (UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia 2011 na ukiyaona unaelewa), nikatokea Arba Minch. Jina hilo ni chemchemi arobaini. Mji uko juu ya maziwa mawili, Abaya na Chamo, moja maji yake ni ya kahawia kama chai ya maziwa, lingine bluu, na kati yao kuna ukanda mwembamba wa ardhi.

Sasa shida ilianzia hapo. Kadi yangu ya benki ikakataa. Mashini ya kwanza imekataa, ya pili imekataa, laini ya simu ilikufa tangu Moyale, na pesa ya simu yetu wakati huo haikuwa inavuka mpaka. Chumba nlikuwa nimelipia tayari siku tatu so sikuogopa sana, nikahesabu birr (pesa ya huko) zilizobaki nikaona zinatosha kupanda mlimani kijiji cha Dorze kuona zile nyumba zao, nile chakula cha mchana, na kurudi nitaomba lifti kwa lori, si ni mteremko.

Wacha nieleze nyumba kwanza juu wengi hamjaziona. Wadorze wanasuka nyumba. Sio kujenga, ni kusuka, mianzi iliyopasuliwa inapindwa kama kikapu kimoja kikubwa kimefunikwa chini, halafu inaezekwa na majani na maganda ya ule mgomba wao. Mbele kuna kibaraza kimetokeza kama pua, na juu yake matundu mawili ya moshi, ukiangalia kwa umbali ni kichwa cha ndovu kabisa. Na kwa sababu mchwa wanaila kutoka chini, kila miaka inapungua urefu kidogo, nyumba mpya ni ndefu sana na ya zamani imekaa chini. Kule kwa bustani ya watalii walituonyesha hayo yote, nikalipa kiingilio, nikala, pesa ikaisha. Kuna loji pale lakini kulala hapo sikuwa na uwezo.

Nikaanza kushuka kwa mguu na mahali njia imegawanyika nikashika ile si yake. Nadhani nilitembea saa moja na nusu hivi kabla nijue sishuki, napanda. Ukungu ukaja. Kule ni zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, baridi yake ni ya Limuru mwezi wa saba na mimi niko na shati na kijaketi cha mvua. Hakuna lori. Hakuna mtu. Halafu nikaona mama anakuja amebeba mzigo wa majani mgongoni, amepinda, haonekani kichwa, ni majani yanatembea tu.

Nitaendelea, simu iko asilimia 20.

Dada_wa_Kasarani

Chaji hio simu haraka, tuko hapa tunangoja.

Mtu_wa_Githurai

Kaka ulienda mlimani nchi ya watu bila hata nauli ya kurudi?? Endelea.

MsafiriUmoja

Stima imerudi. Twende.

Huyo mama alisimama akaniangalia. Amharic yangu ilikuwa maneno kumi, na nadhani hata yeye Amharic haikuwa lugha yake, hao wanaongea Kigamo. Nikasema Arba Minch nikinyoosha mkono. Akatikisa kichwa akaonyesha upande mwingine kabisa, akaonyesha jua lilikoenda, akaonyesha tumbo, halafu akanigeuzia mgongo akaanza kutembea. Nikabaki nimesimama. Akageuka akaniita na mkono, kiganja kikiangalia chini, vile mama yangu hunifanyia. Nikamfuata. Nikajaribu kumbebea ule mzigo akakataa kabisa.

Nyumbani walikuwa mzee wake, wasichana wawili, kijana wa kama miaka kumi na mbili anasoma, na ndama wawili. Ndama wako ndani, upande wa kulia, kuna ukuta mfupi wa mianzi kati yenu. Moto katikati. Hakuna dirisha, moshi unapanda unapotelea kwa paa, mara ya kwanza macho yanawasha halafu unazoea. Ukutani kalenda imebandikwa imeandikwa 2011. Nilidhani ni ya zamani, kumbe hapana, kwa kalenda yao huo mwaka ndio ulikuwa 2011.

Chakula. Hawa watu wanaishi na ule mgomba unaitwa enset. Ni kama mgomba wetu lakini hauzai ndizi ya kula, wanakula shina na kiazi chake. Wamama wanalikwangua na mwanzi mpaka ubaki uji uji mweupe, wanaufunga kwa majani yale yale wanauzika kwa shimo, unachacha huko miezi. Halafu unatolewa, unakatwa katwa, unakandwa kama chapati unafungwa kwa jani unapikwa juu ya kigae cha udongo. Unaitwa kocho. Harufu yake ni kama ya uji wa kuchachisha umekaa sana, na ukila ni mchachu, mzito, unashiba haraka. Wakaweka na pilipili ya kusaga na asali. Asali nusu kikombe. Niliona msichana mdogo akiiangalia hio asali na hakuigusa mpaka mimi nimeonja.

Na kitu sikujua wakati huo nimekuja kusoma baadaye, mgomba mmoja wa enset unakaa miaka kadhaa shambani ndio ukomae. Chakula kile nilikula kwa dakika kumi na tano mtu alikipanda huyo kijana akiwa bado mdogo.

Nikitaka kuacha, mzee anakata kipande anachovya anakileta mpaka mdomoni mwangu na mkono wake. Huko inaitwa gursha, kulishana, ukikataa umemkosea. Mtu mzima mwenzangu ananilisha. Sijui mara ya mwisho mtu alinilisha ni lini.

Halafu kahawa. Jamani kahawa. Msichana mkubwa akaosha buni, akazikaanga juu ya kikaango cha bati, zikianza kutoa moshi akazipitisha mbele ya kila mtu, unavuta moshi na mkono kuelekea usoni. Akatwanga kwa kinu, akaweka kwa jebena, ile birika ya udongo mweusi shingo ndefu. Vikombe vidogo havina mkono. Wanaweka chumvi sio sukari. Na ni raundi tatu, huondoki kabla ya tatu. Ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu mzee aliniambia jina akainua kikombe: baraka. Nikarudia, baraka? Akasema baraka. Nikamwambia na sisi kwetu ni baraka. Hakuelewa maneno lakini alielewa kwamba nimelijua, akacheka akamwambia mama, mama akacheka. Na kahawa kwa Amharic ni buna, yetu ni buni. Nlikuwa nimekaa kwa nyumba ya mianzi mahali hata sijui jina lake na nimeanza kusikia maneno ya nyumbani.

Wakanilaza kwa kitanda chao. Nilikataa, nikaonyesha sakafu, mzee akanisukuma mabegani mpaka nikakaa. Mama akanifunika gabi, hio ni shuka nzito ya pamba, tabaka nne zimeshonwa pamoja. Wadorze ndio wafumaji wanaojulikana Ethiopia nzima, wanawake wanasokota nyuzi, wanaume wanafuma. Ilikuwa inanuka moshi na ilikuwa na joto kama mtu. Wao walilala chini upande wa ndama.

ShangaziSouthB

Umeniliza na hio asali.

Dada_wa_Kasarani

Mimi pia. Ngoja amalize nitasema yangu ya Lushoto.

MsafiriUmoja

Namalizia, hii ndio sehemu imenifanya nianzishe uzi.

Kabla tulale nilimuuliza kijana gari za kushuka ni lini. Akahesabu vidole akaniambia asra hulet. Kumi na mbili. Mzungu yeyote angedhani ni saa sita ya mchana, wanachanganyikiwa sana huko na saa. Lakini Waethiopia wanahesabu saa vile sisi tunahesabu, kuanzia alfajiri. Saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Nikalala najua naamka lini.

Asubuhi giza bado mzee akanipeleka kwa mguu mpaka barabara, karibu saa nzima, yeye mbele na fimbo. Mama akaja pia. Kufika barabarani nikatoa shilingi mia tano ya Kenya, ndio nlikuwa nayo, nikampa mzee. Akaiangalia, akaigeuza, akanirudishia. Nikajaribu mama, akaweka mikono nyuma. Halafu mama akafungua fundo kwa ncha ya netela yake, ile leso nyepesi ya kujifunika, akatoa noti za birr zimekunjwa ndogo ndogo sana, akazikunjua moja moja akizilainisha na kidole, akahesabu. Hio ilikuwa pesa ya nyuzi, huyo mama anasokota pamba na kuuza soko, nyumba nzima nilikuwa nimeona mafundo ya nyuzi. Akampa makanga wa matatu mkononi mwake, sio mkononi mwangu. Nadhani alijua ningekataa. Akaniambia kitu kwa Kigamo na mlango ukafungwa.

Saa nne asubuhi niko Arba Minch nikajaribu mashini nyingine ya benki. Ikatoa pesa.

Wakubwa, nlikuwa na pesa mkononi siku ile ile, kilomita kama thelathini kutoka kwao. Na basi la Hawassa lilikuwa kesho yake asubuhi. Na nikasema nimechoka. Nikasema nitarudi wakati mwingine. Nikaoga nikalala, kesho nikapanda basi.

Hio ndio inaniuma. Sio kwamba sikulipa. Ni kwamba nilikuwa na nafasi ya kupanda tena nikawaambie asante na kilo ya sukari na sabuni na nikachagua kulala. Sina namba, mzee hakuwa na simu. Kijana nilimwandikia namba yangu kwa daftari yake na +254 mbele, haijawahi kulia. Sasa nauliza wenye mmesafiri: mtu kama huyo unamrudishia aje? Na miaka imepita hivi bado inafaa?

Mtu_wa_Githurai

Mkuu wacha niseme ukweli wangu bila kukuudhi. Wewe ulikuwa mgeni mmoja usiku mmoja. Hao watu nadhani walikusahau wiki hio hio. Na kule Dorze si unajua watalii wanaenda kila siku, watoto wako barabarani wanacheza densi mbele ya gari waombe birr, mimi nimeona video. Wema wa mahali kama hapo umechanganyika na biashara. Tuma kitu kwa kanisa ama shirika la huko, umalizane nayo.

MsafiriUmoja

Watoto wapo ni kweli, kona zote za ile barabara wanaruka ruka, mmoja alikuwa anatembea na mikono miguu juu akishindana na gari. Lakini huko ni barabara ya watalii. Hii nyumba ilikuwa nje ya hio njia, hakuna aliyeniomba kitu, na pesa niliyotoa ilirudishwa mara mbili. Siwezi kuiita biashara.

ShangaziSouthB

@Mtu_wa_Githurai mwanangu, mtu akiuza nyuzi ndio apate nauli ya mgeni hio sio biashara ya utalii.

DerevaMrefu

Salaam. Mimi ni dereva wa masafa, nimeendesha Mombasa mpaka Lubumbashi miaka, kwa hivyo hii najua kidogo. Siandiki sana lakini hii imenigusa.

Zambia kaskazini, umeshapita Tunduma na Nakonde unashuka hio Great North Road kuelekea Mpika. Springi ya nyuma ilikatika usiku, msituni, mimi na turnboi wangu, msaidizi wa lori. Spea ya kutoka Lusaka ilichukua siku nne. Siku nne hio ni gari imesimama na huwezi kuacha mzigo. Asubuhi ya kwanza mama mmoja akatokea kwa njia ya miguu na watoto, wakapiga magoti kidogo wakapiga makofi taratibu, ndio salamu yao hao Wabemba, wakasema mwaiseni. Karibuni. Sisi ndio tuko barabarani ya serikali na yeye ndio anatukaribisha. Jioni akaleta ubwali, ni ugali tu huo bana, mweupe, na mboga za majani zimepikwa na njugu karanga za kusaga, ifisashi. Mimi ni Mluhya, nimekula ugali Afrika yote lakini ule ulikuwa umesongwa.

Na nikaanza kusikia lugha. Maji ni amenshi. Nyama ni inama. Halafu siku ya tatu mtoto anakimbiza kuku akipiga kelele inkoko, inkoko! Mimi nikaruka. Kwetu ni ingokho! Nikamwambia mama sisi ni ingokho, yeye inkoko, tukaitana hivyo mpaka leo, ananiita Ba Ingokho.

Sasa jibu la swali lako. Siku ya kuondoka nilitoa kwacha akakataa kama huyo wako. Nikakasirika kidogo hata, unajua unataka kuondoka ukiwa huna deni. Turnboi wangu akaniambia wewe wacha, tutapita tena. Na ndio tumefanya. Kila safari nikifika hapo napiga honi mara tatu ndefu kutoka kwa ile kona, watoto wanatoka, nasimama dakika kumi. Naacha chumvi, mafuta ya kupika, mche wa sabuni, wakati mwingine hakuna kitu nasalimia tu. Na yeye akiwa na karanga ananijazia mfuko. Msichana wake wa kwanza akiolewa nikampelekea shuka. Yaani sijawahi kumlipa, na sitaki kumlipa tena. Nikimlipa si ndio nitakuwa sina sababu ya kusimama.

Dada_wa_Kasarani

DerevaMrefu umesema kitu hapo mwisho nimekisoma mara tatu.

Yangu ni ya Lushoto, milima ya Usambara, Tanzania. Tulienda wasichana wawili, basi mpaka Mombo halafu gari ndogo zinazopanda kona kona. Siku ya pili tukatembea vijijini tukielekea upande wa Irente pale unaona nyika yote chini, nikateleza nikateguka kifundo cha mguu, kimefura kama embe.

Tukapiga hodi nyumba ya kwanza. Na mimi na Kiswahili changu cha Nairobi nikasema "Niaje shosho, nipe maji ya kunywa." Bibi hakunikasirikia. Akaniangalia kwa upole akasema, "Mwanangu, pole na safari. Hamjambo?" Rafiki yangu yeye mamake ni wa Pwani akaruka haraka, "Shikamoo bibi." "Marahaba, karibuni ndani." Nlijisikia vibaya sana, sio kwamba nilitukana, lakini nlikuwa nimeingia kwa mtu bila kumsalimia. Huko hakuna anayesema nipe. Ni naomba. Naomba maji, naomba kupita. Ukipita watu wanakula wanakwambia karibu, kila nyumba, karibu chakula, hata kama sufuria ni ndogo, na wewe unajibu asante, na ukiendelea kukaribishwa unakaa unakula hata matonge mawili.

Bibi akanikanda mguu na maji ya moto na chumvi, akaufunga na kipande cha kanga alichopasua. Alikipasua mbele yetu, kanga nzuri bado ina rangi. Nikasema bibi usipasue! Akasema nguo ni nguo. Tukalala hapo siku mbili. Tukapewa makande, nikaambiwa ni chakula cha kwao maalum, kufunua ni githeri, nilifurahi kama nimeona mtu wa kwetu.

Siku ya kuondoka nikauliza bibi nikutumie nini kutoka Nairobi. Akafikiria kweli, hakukataa kwa adabu tu. Akasema, "Ukifika, nitumie salamu nijue umefika. Huwa hawatumi." Huwa hawatumi! Yaani amewahi kukaribisha watu wengine na anakaa akijiuliza walifika. Nilimpigia mjukuu wake usiku ule ule tukiwa Arusha. Na nampigia kila Idi.

MsafiriUmoja nadhani huyo mama wa Dorze hajui kama ulifika. Hilo ndilo deni lako, hizo birr sidhani anaziwaza.

MsafiriUmoja

Dada hilo sikuwahi kulifikiria. Nimewaza pesa miaka yote hii. Mlango wa matatu ulifungwa na hawajui chochote zaidi ya hapo.

ShangaziSouthB

Niongeze moja fupi kwa wasichana mnaosoma hapa na mnapanga safari. Nimesafiri vijijini Uganda na Rwanda peke yangu na nimetendewa mazuri mengi, lakini sio kila anayekukaribisha ni wa kumfuata. Mimi huangalia kama kuna mama na watoto kwa boma, na humwambia mtu mwingine wa kijiji nalala wapi, kwa sauti, mwenyeji akisikia. Mwenyeji mwema hajawahi kuudhika na hilo, mara nyingi yeye mwenyewe hunipeleka kwa jirani ama kwa mzee wa kijiji nijulikane. Huyo mama wa Msafiri alimuonyesha tumbo na jua, akamgeuzia mgongo akatembea. Hakumvuta. Hio ni alama kubwa sana kwangu.

KijanaMoyale

Assalam aleykum. Nimefuata huu uzi kutoka mwanzo, mimi ni wa Moyale upande wa Kenya, niko Nairobi kikazi.

Machi 2018, mwaka mmoja kabla MsafiriUmoja apite kwetu, wanajeshi walipiga risasi raia upande ule mwingine wa mji. Watu walivuka kwa maelfu, usiku, wengine na mtoto mgongoni na sufuria tu. Kabla hema zije na kabla misaada ije walilala kwa maboma yetu na kwa mashamba. Mama yangu alikuwa na watu kumi na moja kwa nyumba ya vyumba viwili. Sisi ni Waborana, mpaka umetupita katikati lakini salamu ni moja pande zote, unauliza nagaa, amani. Kwa hivyo unaweza sema ni ndugu zetu. Lakini si wote walikuwa Waborana, na mama hakuuliza.

Nataka kusema vile ilikuwa kwa upande wa mwenyeji, kwa sababu hapa wote mmekuwa wageni. Walirudi kwao baada ya miezi. Tulikuwa hatuna kitu na mwaka ule ulikuwa mgumu, mbuzi wawili tulichinja na hatukuwa na mpango wa kuchinja. Hakuna aliyetulipa na mama hakungoja. Lakini kuna mwanamke mmoja alirudi baadaye siku ya soko na mtoto wake, mtoto amekua, akamweka mama mapajani. Mama alizungumza kuhusu hio siku mwaka mzima. Wale wengine anawauliza mpaka leo, majina kwa majina.

Kwa hivyo @Mtu_wa_Githurai, hawajamsahau. Mimi nakuhakikishia kuna jioni kahawa inakaangwa na mtu anasema yule Mkenya alifika kweli.

Mtu_wa_Githurai

Nimekusikia ndugu. Naondoa ile maneno ya kusahau. Pole kwa mliyoyaona 2018, na mama apewe salamu zangu.

MsafiriUmoja

Nimekaa na simu mkononi dakika kadhaa sijui niandike nini.

KijanaMoyale, njia iko aje sasa hivi? Nikitaka kwenda mwenyewe. Na nitawapata vipi, kijiji hata sikijui jina, najua tu njia iligawanyika wapi.

KijanaMoyale

Barabara ya kwetu ni lami tupu. Upande ule wa Yabelo na Konso hali hubadilika, kuna wakati ni shwari na kuna wakati madereva wenyewe hawapiti, kwa hivyo usiende na habari za 2019. Fika Moyale ulale kwetu, asubuhi nitakupeleka kwa madereva wa upande wa pili uulize wao. Wakisema ngoja, unangoja. Simu siku hizi ni rahisi, Safaricom iliingia Ethiopia 2022, chukua laini ya huko. Beba na birr taslimu za kutosha usitegemee kadi moja tena.

Kuhusu kuwapata, ingia siku ya soko. Mama anauza nyuzi, wafumaji wanajuana na wauza nyuzi wao. Sema Mkenya aliyelala kwa fulani mwaka wa 2011 wao. Usiseme 2019, kwa kalenda yao huo ni mwaka mwingine kabisa.

DerevaMrefu

Na usiende na bahasha ya pesa kwanza. Nenda na kitu cha kukaa nacho chini mkakinywa. Mimi ningebeba majani ya chai ya Kericho.

Dada_wa_Kasarani

Na picha. Kama ulipiga picha yoyote pale ichapishe kwa karatasi, usiwaonyeshe kwa simu ukaondoka nayo.

MsafiriUmoja

Niko na mbili. Moja ni ya jebena kwa moto, imetoka giza. Nyingine ni ya kijana na daftari yake, alikuwa anaangalia kando, pembeni unaona mkono wa mama umeshika nyuzi. Kesho nazipeleka River Road zichapishwe kubwa.

Nimeomba likizo ya Februari. Majani ya chai kilo nne, sabuni, pamba sibebi kwa sababu wao ndio wenye pamba. Yule msichana mdogo wa asali sasa ni mkubwa, sijui umpelekee nini mtu wa umri huo, ShangaziSouthB naomba unisaidie hapo.

KijanaMoyale, mama wako anapenda nini? Nitapitia kwake kwanza.

KijanaMoyale

Sukari. Na umwambie jina lako lote na la baba yako, atalikumbuka. Basi za Eastleigh za jioni zinafika asubuhi, nitakuwa steji.